Visima Ishirini na Vinne

Goti la Belmiro Quaresma lilifika saa nne asubuhi
ndani ya ndoo ya barafu, lebo ina namba tu.
Jina nililijua kwa sababu alikataa kuwa namba:
alinipigia mwenyewe kutoka wodini, hapa Coimbra,
sauti bado nzito kwa ganzi.
"Binti, hilo goti limepiga magoti miaka arobaini na mitatu.
Lishike kwa heshima."

Mtandaza mawe, huyo. Chokaa nyeupe, basalti nyeusi,
jiwe kwa jiwe, kwa nyundo,
mawimbi na nyota chini ya viatu vya watu
wasiotazama chini.

Nilikata vidonge vya gegedu, milimita tatu kila kimoja,
vyeupe kama ukucha wa mtoto pale palipobaki;
kwingine pamechanika
kama mkeka uliokaliwa na wageni wengi.
Nikavitia visimani, ishirini na vinne,
katika maji ya waridi yenye sukari na chumvi.

Gegedu halina mshipa wa damu. Halina neva.
Laliwa, nalo halisemi.
Kelele ni za mfupa, baadaye,
matanga yakiwa yameshaanuliwa.

Kisima cha kwanza hadi cha nane nilitia mjumbe:
interlukini ya kwanza, protini ndogo, tone lisiloonekana,
barua ya vita kutoka kwa askari wa kinga
waliodhani wanasaidia.
Miaka mingi nilimdhani ndiye mbomoaji.
Sivyo. Hana hata shoka.
Hubisha hodi, husoma barua mlangoni,
na seli, mwenye nyumba, aliyeishi peke yake
ndani ya kuta alizozijenga kwa mkono wake,
huinuka, hushika mikasi,
hukata kamba za kolajeni moja moja,
humwaga maji yaliyolifanya goti lidunde.
Anatii. Hiyo ndiyo inayoniuma:
anatii.

Siku ya saba nilidondosha rangi ya buluu
katika maji ya visima vile. Ikageuka zambarau.
Zambarau maana yake ukuta umeyeyuka.

Wapo wajumbe wengine. Wa nne na wa kumi, wapole,
hufika wakinong'ona: tulia, si vita hivi.
Na yupo mmoja nisiyejua nimwite mjumbe au bubu,
kwani hana barua. Kazi yake kukalia kiti
alichowekewa mleta vita,
kukikalia tu, mikono mapajani,
hadi mwenzake achoke kusimama mlangoni, aondoke.
Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Basi hakuuawa. Alinyimwa kiti.

Kisima cha kumi na tisa kilibaki buluu.
Sitaki kukuza jambo: cha ishirini, mlinzi yuleyule,
goti lilelile, kikawa zambarau,
nami sijui kwa nini. Nimeandika "sijui" daftarini
kwa wino, isifutike.
Na Doroteia, msimamizi wangu, hunionya
juu ya yule wa ukuaji, mjenzi hodari:
ukimzidishia, huotesha mwiba wa mfupa
kando ya kiungo. Hata ulinzi una kiasi chake,
na kiasi hicho hakuna aliyetuachia kipimo.

Alhamisi Belmiro akapiga tena.
Yuko nyumbani, ana goti la chuma,
anapanda ngazi kwa matusi.
"Kile kipande changu, kipo hai?"
Kimoja, nikasema, siku ya kumi na moja.
"Kinafanya nini?"
Kinajenga.
Akanyamaza. Upande wake wa simu, dirisha wazi,
nikasikia nyundo ya mtu barabarani,
ta, ta, ta-ta, juu ya jiwe.
"Sikia," akasema. "Huyo anapiga vibaya."